Digrii Mia Moja za Kibumba

Chuo kikuu sijawahi kuingia ila kupeleka kazi za watu. Nina diploma ya sekondari, ile ya kemia na biolojia, na baada ya kuipata nilianza kuzurura. Vitshumbi niliandika orodha za samaki kwa mwenye mitumbwi, Butembo niliuza vipuri vya pikipiki, Kisangani nilikaa bila sababu yoyote. Kila mahali nilipoondoka napakumbuka pakiwa pazuri kuliko palivyokuwa. Sasa ni miaka kadhaa niko Goma, ukingoni mwa mtaa wa Birere, katika sekretariati: chumba chenye kompyuta tatu, mashine ya kopi na mashine ya kubana vitabu inayonuka gundi. Wanafunzi wa vyuo huleta hapa memwari zao, yaani utafiti wa kumaliza masomo. Mimi nazichapa, nazipamba, nazivika jalada gumu lenye herufi za dhahabu. Kwa hiyo nimesoma utafiti mwingi kuliko profesa yeyote wa mji huu, kwa kuwa mimi nalazimika kusoma na wao hawalazimiki.

Wale wa biashara wanataka kujua kama matangazo huongeza mauzo. Fomu za maswali wanazijaza wenyewe kwenye benchi langu, wakibadilisha kalamu, bluu, nyeusi, nyekundu, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili wachuuzi wa Birere waonekane wengi. Mmoja aliwahi kunisogezea karatasi zake.

"Papa, weye uko na mwandiko ya muzee. Nisaidie kidogo, wazee wamenipungukia."

Nikawa wazee saba kabla ya saa sita mchana, na wote saba tuliridhika sana na matangazo.

Wa kompyuta hutengeneza mfumo wa kuandikisha wagonjwa. Ni mfumo uleule kila mwaka, wanabadilisha tu hospitali, na sijasikia hospitali hata moja iliyouwasha. Wa ualimu wa Kiingereza hupendekeza chumba cha kusikilizia sauti, chenye vipokea sauti kwa kila mwanafunzi, katika shule ambako watoto wanakalia mawe. Lakini aliyenishinda kabisa ni mhandisi mmoja mwenye tai, aliyeleta mradi wa daraja juu ya mto wa katikati ya Goma. Nilimuuliza ni mto gani. Goma hatuna mto. Mvua ikinyesha, ardhi yetu ya lava inainywa yote kabla hujakunja mwavuli.

"Iko kwa canevas," alinijibu. Canevas yake, yaani kiolezo, ilikuwa kazi ya mwenzake wa mji mwingine, ambayo alikuwa anaifuata ukurasa kwa ukurasa.

Nikamchapia mto wake. Juri, wale walimu watatu wanaokaa mbele kusikiliza, wakamsifu, na nadhani mto huo bado unatiririka maktabani.

Kazi zote hizo zinafanana kwa jambo moja, hipotezi. Mwanzoni mtafiti anaandika anachodhani, na mwishoni anaandika kwamba alidhani sawa. Kwa miaka yote hii sijachapa hata mmoja aliyewahi kukosea. Unaweza kufikiri Kivu nzima imejaa watu waliozaliwa wanajua.

Kwa hiyo yule mwalimu wa Kibumba alipoingia na daftari lake, nilimpokea kwa dharau ileile niliyowagawia wengine. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, anafundisha shule ya msingi kule juu na kushuka Goma kusoma fizikia. Daftari lilinuka moshi na lilikuwa na madoa ya mchuzi. Nilipomwambia nimewahi kuishi Vitshumbi, uso wake ulifunguka.

"Kumbe! Ni kwetu kule, nimezaliwa pale. Basi ulikula maharagi yetu. Yanaiva haraka, siyo?"

"Nilikula samaki, mama. Maharagi ilikuwa ya batu wasio na mutumbwi."

Alicheka, kisha akanieleza. Aliolewa Kibumba, na tangu siku za kwanza maharagi yake yalikataa kuiva.

"Mamamkwe wangu anasema miye ni muvivu. Anasema, muke wa ziwa hajue moto. Maharagi inakaa kwa moto ya mbabula tangu asubui, na saa ya kula bado inagonga meno. Hata shangazi za bwana yangu wanakuja kuangalia. Basi nikaazima kipimajoto ya shule."

Hiyo ndiyo ilikuwa hipotezi yake. Hakuitoa kwenye canevas ya mtu, aliitoa kwenye matusi. Alichemsha maji kwa mama yake Vitshumbi, kando ya ziwa. Akachemsha Goma, katika chumba alichopanga. Akachemsha Kibumba, jikoni kwa mamamkwe. Sufuria ileile, siku nyingi, wakati barabara ya Rutshuru ilikuwa inapitika. Aliandika saa, hali ya anga, waliokuwepo. Ukurasa mmoja ulisema: mbuzi amemwaga maji, naanza upya.

Leo najua kwamba mwongo hawezi kuandika mbuzi yule. Siku ile nilimfuta, kwa sababu niliona mbuzi hana kazi katika sayansi.

Kisha nikafika kwenye namba. Vitshumbi maji yalichemka kwa digrii tisini na saba, Goma tisini na tano, Kibumba tisini na nne. Nikatikisa kichwa. Maji ni maji. Mwalimu wetu wa sekondari alikuwa anagonga ubao kwa fimbo na kuuliza maji yanachemka kwa ngapi, na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, mia moja. Nilikuwa nairudia hata njiani kurudi nyumbani, ikawa kama hatua za miguu. Ni moja ya vitu vichache ambavyo sikuvipoteza katika kuhamahama kwangu. Na mlangoni kwetu kumeandikwa kwa rangi kwamba hapa tunachapa na kusahihisha. Wateja wanategemea hivyo, na mimi hujivunia. Basi nikasahihisha. Mia moja Vitshumbi, mia moja Goma, mia moja Kibumba, kila ukurasa zilipotokea. Maelezo yake sikuyagusa, niliona ni maoni yake.

Alipokuja kuchukua vitabu, siku ya mwisho ya kuviweka chuoni, nilimwambia, "Nimekusafishia kidogo."

"Merci sana, papa," alisema, akakimbilia moto, yaani pikipiki ya abiria iliyokuwa inamngoja. Baadaye nilisikia kwamba direkta wake, mwalimu aliyepaswa kumwongoza, alitia sahihi juu ya kiti cha pikipiki hiyo hiyo, bila kufunua. Mama yule naye hakufunua. Aliniamini.

Alinialika kwenye utetezi wa memwari yake, nami nikaenda, kwa sababu huwa kuna Fanta. Nilikaa mstari wa mbele kando ya mamamkwe wake, kikongwe mwembamba mwenye vitenge viwili, aliyeshuka kutoka Kibumba kuona kama kweli mkazamwana wake alikuwa anasoma huko alikokuwa anaenda. Mwalimu wa Kibumba alisimama mbele na daftari lake la madoa, si kile kitabu, akaanza kueleza vizuri kwamba kadiri unavyopanda, ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na ndiyo sababu maharagi ya mlimani huchelewa. Akataja namba zake tatu.

Mmoja wa juri, aliyepewa kazi ya kusoma kitabu, alivua miwani.

"Madame, unasema tisini na saba, tisini na tano, tisini na nne. Miye hapa nasoma cent, mia moja. Ukurasa huu cent, huu cent, Kibumba cent. Tufuate mdomo ama kitabu?"

Mwalimu alifungua kitabu chake. Aligeuza kurasa polepole, moja baada ya nyingine, na mimi nilijua anachokiona kila ukurasa. Direkta wake akamwinamia na kusema kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Cent ni sawa. Sema ulisoma daftari vibaya, tuendelee."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Angesema ndiyo, angetoka na digrii yake mchana uleule, na picha, na maua ya plastiki. Ningekuwa mimi, ningesema ndiyo mara mbili.

"Non, Profesa," alisema. "Kitabu imekosea. Miye sikuiambia maji ichemuke namna gani. Niliiangalia tu."

"Kitabu ni yako ama si yako? Sahihi yako iko hapa," alisema yule wa miwani.

"Kitabu ni yangu. Namba si zangu."

Watu walicheka. Juri walinong'onezana kidogo, wakamwahirisha hadi kikao kijacho, kwa kuwa mtafiti anayekana kitabu chake hawajawahi kumwona. Mhandisi wa mto walikuwa wamempigia makofi.

Mimi nilikuwa na chupa ya Fanta mkononi na miguu miwili mizima. Sikusimama. Kikongwe akanivuta mkono wa shati. Mambo yote yalisemwa kwa Kifaransa, naye Kifaransa hakujua.

"Baba, banasema nini? Amekosa?"

"Amekosa," nilimjibu.

"Nilijua. Moto yenyewe hajue."

Nimesema uongo katika miji mingi, na mwingine naukumbuka kwa kucheka. Huu sijawahi kuucheka. Nilikuwa nimewadharau wote, wa biashara na kalamu zao, wa kompyuta na hospitali zao, na mtu mmoja aliyepima kitu kwa macho yake ndiye niliyemharibia, bila kupewa rushwa wala kuombwa. Wale angalau walijua kwamba wanadanganya.

Mwalimu alinikuta nje kwenye ukuta.

"Papa, ni weye?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Mia moja ndiyo tulisoma."

"Ulisoma, sawa. Lakini ulichemusha?"

Hakupaza sauti. Nilitamani apaze. Alisema nitamchapia tena, lakini kwanza nipande kwake, nikaangalie kwa macho yangu, kwa sababu hataki kazi yake iguswe na mtu anayeimba namba.

Siku ya soko nilipanda Kibumba kwa moto. Ukungu ulikuwa juu ya mashamba ya viazi, na nilikumbuka joto la Vitshumbi kama mtu anavyokumbuka ndugu. Jikoni walinipa kigoda. Kikongwe alikaa mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Maji yakaanza kuchemka, nami nikashika kipimajoto. Tisini na nne. Nikaongeza makala, yaani makaa. Nikapepea mpaka jasho likanidondoka, maji yanarukaruka hadi nje ya sufuria, tisini na nne. Nikasema kipimajoto ni kibovu. Mwalimu akaniletea cha pili, alikuwa amekiweka tayari. Tisini na nne.

"Muna nini munatafuta ndani ya maji?" kikongwe aliuliza.

Sikuweza tena kujificha nyuma ya Kifaransa cha watu. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwamba hapa maji yanachemka kabla ya kupata moto kama ya ziwani, haijalishi nani amewasha. Nikamwambia siku ile hakuna alichokosa mkazamwana wake, ni mimi niliyekosea kuandika, na nilimdanganya yeye pale kwenye kiti.

Kikongwe alisogea akachungulia ndani ya sufuria.

"Basi ni mulima," alisema. Kisha akamgeukia mkazamwana wake. "Lakini chumvi, hiyo mulima haikukukataza."

"Chumvi nitaongeza, mama," alisema mwalimu, akageuza uso upande wa ukuta, na nikaona mabega yake yanacheka.

Tulichapa upya. Safari hii alikaa kando yangu na kidole chake juu ya kila namba, na mbuzi alirudi mahali pake. Kikao kilichofuata walimpitisha, si kwa sifa kubwa. Direkta alisimama akaeleza jinsi "sisi" tulivyopima katika sehemu tatu, mtu ambaye sijui kama amewahi kujichemshia hata chai. Mama yule alipeana mikono na wote, hata na direkta, akapanda moto kurudi kwenye darasa lake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini maktaba ya chuo ilikuwa imeshapokea kitabu cha kwanza, na nilipopeleka cha pili kuomba wabadilishe, aliyekuwa dirishani alisema kazi ile ipo tayari, hawapokei mara mbili. Nikarudi nacho. Mpaka leo kiko juu ya kabati langu.

Juzi akaingia kijana wa fizikia, shati limepigwa pasi, na kopi za kurasa chini ya kwapa. Aliziweka mbele yangu. Majedwali yangu mwenyewe, mia moja, mia moja, mia moja.

"Papa, unichapie hii. Toa Vitshumbi, uweke Sake. Toa Kibumba, uweke Masisi. Namba uache hivyo."

"Ulichemusha?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimemuuliza kama ameoga. "Kuchemusha nini, papa? Ni maji."

Nilizima kompyuta. Nilimwonyesha benchi akae, nikatoa mbabula ya kutengenezea chai nyuma ya mlango, na kuanza kuijaza makala.