Aliyefungua Lango la Mtakatifu Thekla

Baba yangu Zotiko alikuwa bawabu. Kwa miaka ishirini na miwili alifungua Lango la Mtakatifu Thekla alfajiri na kulifunga jua likizama, na hakuna aliyemsifu wala kumlaani. Kisha siku moja akalifungua mchana kweupe, wakati wa vita, Waarabu wakaingia, na tangu hapo Konstantinopoli ni yao. Sisi wenyewe tunauita Mji tu, kana kwamba Antiokia na Aleksandria ni vijiji vya kuchungia mbuzi. Imepita miaka kumi na tisa tangu kaisari apakie hazina yake merikebuni akakimbilia Sisilia na askari wake wote, akatuachia kuta na njaa, na bado tunatembea kifua mbele kama watu wenye kaisari.

Kiburi hicho kimemla baba yangu akiwa hai, nami sina haja ya kukisema kwa upole.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Wazee saba wa mtaa wetu walikuja nyumbani, nami nikawamiminia divai iliyochacha kwa sababu nyingine haikuwepo. Tulikuwa tumeshakula paka, tukala hatamu za ngozi zilizochemshwa. Mtaa wa jirani ulikuwa umechukuliwa kwa upanga juzi yake, na moshi wake tuliuvuta puani. Jemadari wa Waarabu alitutumia neno: mkifungua wenyewe, roho zenu, nyumba zenu na kanisa lenu ni vyenu, mtatoa kodi ya kichwa na basi. Wale saba walibishana kidogo, kwa ajili ya heshima, kisha wakakubaliana wote. Mmoja wao alikuwa Leontio mtengeneza mishumaa, baba yangu wa ubatizo, yeye aliyenishika juu ya maji nikiwa mchanga. Kwetu sisi jambo hilo huwafanya wanaume wawili kuwa ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Baba alitaka iandikwe karatasi yenye majina saba.

"Karatasi ya nini, ndugu yangu?" Leontio akamwambia, akamshika mkono. "Wewe fungua. Sisi sote tuko nyuma yako."

Baba akafungua. Mtaa wetu wote tulifiwa na punda mmoja, naye alikufa kwa woga.

Wiki ya kwanza watu walimbusu baba mikono. Wiki ya pili wakaanza kuulizana: Mji uliolindwa na Mama wa Mungu mwenyewe umeangukaje? Haiwezekani kwamba tulishindwa tu, kama watu wengine wanavyoshindwa. Lazima kuna mwenye dhambi. Wale wazee saba wakawa mabubu, na ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Thekla wimbo ulikuwa umeshatungwa. Katika wimbo huo, wanaume wa mtaa wetu walipigana langoni siku tatu, wakakaribia kushinda, ndipo Zotiko peke yake akanyemelea na funguo zake. Hata baada ya hapo wakapigana uchochoro kwa uchochoro mpaka panga zikavunjika. Leontio ana ubeti wake mzima, wenye shoka na kovu. Kovu analo kweli, kwenye shavu. Sufuria ya nta ilimrukia dukani kwake mimi nikiwa na miaka sita, na siagi ya kumpaka ilitoka kwetu.

Wimbo huo huimbwa kila mwaka, kanisani, kwa sauti nne.

Baba aligeuka fundi wa makufuli. Watu wa mtaa hawamletei kazi. "Nani ampe kufuli mtu yule?" husema, kisha hucheka kana kwamba ni mzaha mpya. Watoto hugonga mlango wetu, wanapaza sauti, "Zotiko, fungua!" na kutimua mbio. Wateja wake ni Waarabu wa kambini. Mmoja wao, Mzee Jarwal wa Homsi, askari mstaafu asiye na vidole viwili, hukaa kwenye benchi la baba asubuhi nzima na hana hata kufuli moja la kutengeneza.

"Siku ile niliingia langoni kwako nikitetemeka," humwambia baba kwa Kigiriki chake cha kuchekesha. "Nilijua kuna mtego. Naona mzee mmoja ananishikia mlango kama mgeni wa harusi!"

"Ulinikanyaga mguu," baba humjibu.

"Nisamehe, kaka. Nilikuwa nauteka mji."

Huyo ndiye rafiki pekee wa baba.

Mama yangu Anthusa alifariki mwaka wa nane baada ya lango kufunguliwa. Kasisi alikataa kumzika katika ua wa kanisa, walimolala wazazi wake na mdogo wangu. Alisema waumini wangekasirika. Leontio alikuwa amesimama kando yake akitazama viatu vyake. Tukamzika nje ya ukuta, karibu na mashimo ya watengeneza ngozi, mahali ambapo hata mbwa hapiti bila kupiga chafya. Kila Jumapili, wenzake wakienda kanisani, baba alikwenda huko na chetezo chake, na kila alipoondoka alimwambia mama jambo lile lile: "Vumilia kidogo, Anthusa. Utahama."

Mwaka huu liwali mpya akaja na amri. Mitaa iliyotekwa kwa upanga itoe makanisa yake yafanywe misikiti. Mitaa iliyofungua kwa mkataba ibaki na yake. Wazee wa mtaa wetu wakaenda mbio kwa kadhi kudai mkataba, na kadhi, mtu mtaratibu anayeitwa Nufail, akawauliza uko wapi. Haukuwepo. Akawaambia kuwa karani wake, mzaliwa wa Mji huu huu, amemtafsiria wimbo wao.

"Mwaka hadi mwaka mnaimba kwamba mlipigana uchochoro kwa uchochoro," alisema. "Mtaa uliopigana hauna mkataba. Au mmekuwa mkiimba uongo kanisani?"

Nasikia walitazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Nilicheka nilipohadithiwa, na sitaomba radhi.

Kesho yake Leontio alisimama mlangoni kwetu, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, ameshika mishumaa sita ya nta safi.

"Glikeria, mwanangu! Umekuwa mama mzima."

"Nina miaka thelathini, baba wa ubatizo. Watu hukua hata usipowatazama."

"Mwache apite," baba akasema kutoka ndani.

Leontio akakaa, akasifu benchi, akasifu kikohozi cha baba kuwa kimepungua, kisha akalia. Kanisa linakwenda, akasema. Makaburi nayo yatafukuliwa. Kadhi anataka mashahidi wawili wa mtaa huu: bawabu mwenyewe na mzee mmoja aliyekuwepo alipotumwa. Kati ya wale saba, aliyebaki hai ni yeye tu.

"Na ushahidi ukipishana kwa neno moja, hakuna mkataba," alisema. "Kadhi ametuambia wazi."

"Utasema mlinituma?" baba akauliza.

"Nitasema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya mtaa mzima, ndugu yangu."

Baba alikuwa na kufuli mkononi. Akaliweka chini. "Na Anthusa ahamie ua wa kanisa, kwa mama yake."

Leontio akainuka, akaenda kwenye picha ya Mtakatifu Thekla ukutani kwetu, akaweka kiganja juu yake na kuapa kwa yote mawili. Alipoondoka, nilimwambia baba simwamini mtu huyo hata akiniambia mvua inanyesha nami nimelowa. Baba alinicheka. Alianza kutengeneza sanduku la mifupa ya mama, la mbao za mseprasi, siku hiyo hiyo, akipiga randa na kuimba nyimbo za harusi. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mama afe.

Baraza la kadhi lilijaa. Watu wa mtaa wetu wote walikuwepo, hata wale wagonjwa. Nilikwenda kumshika baba mkono kwa sababu macho yake yamefifia. Kadhi Nufail akamwita kwanza.

"Bawabu, ulifungua lango?"

"Nilifungua, bwana kadhi."

"Kwa amri ya nani? Bawabu anayefungua kwa akili yake ni mwizi mwenye funguo tu, hafungi mkataba kwa niaba ya mtaa."

"Wazee saba wa mtaa walinituma. Walikaa nyumbani kwangu. Walinipa mkono."

Mnong'ono ukapita barazani. Kadhi akasema, "Wataje," lakini kabla baba hajafungua kinywa Leontio alishasimama.

"Bwana kadhi, mimi niliwaona. Niruhusu nimsaidie, huyu ni mzee, kumbukumbu imechoka." Akawataja kwa sauti kubwa, mmoja baada ya mwingine: Basili mwoka mikate, Stavraki, Iobu, na wengine watatu. Sita, wote marehemu. Mjane wa Basili akajifunika uso kwa shela.

"Huyu amesema saba," kadhi akasema. "Na wewe?"

Nilimwona Leontio akiutazama mtaa wake. Wanawake walikuwa wanamtazama, na wajukuu zake walikaa mbele kabisa, na mmoja amepewa jina lake. Naamini mpaka dakika ile alikuwa amekusudia kusema kweli, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilipinga. Niliwaambia ni aibu, nikachukua shoka langu nikaenda ukutani. Nilipigana peke yangu, bwana kadhi. Mtaa haukupigana. Mtaa ulifungua, kwa neno la wale sita na kwa mkono wa Zotiko."

Watu walilia kwa fahari, wallahi, kama asemavyo Jarwal. Walimshika mabega.

Kadhi akamgeukia baba. "Bawabu, sikiliza vizuri. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa waliokutuma, au hakuwemo?"

Mkono wa baba ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nilimminya kwa nguvu zangu zote. Sema, baba, nilimwambia moyoni, sema, waache wakaimbe barabarani. Karani akainua kalamu kuikagua.

"Hakuwemo," baba akasema. "Walikaa saba, walionituma ni sita."

Kanisa likabaki letu. Njiani kurudi sikuweza kunyamaza.

"Kwa nini, baba? Kwa nini umemwachia?"

"Ningesema alikuwemo, tungepishana. Kanisa lingekwenda."

"Liende! Limekufaa nini?"

Alisimama, akanigeukia kama mtu anayemfafanulia mtoto jambo jepesi. "Na mama yako angelala wapi?"

Siku ya tatu tulitoka mapema, mimi na baba na Mzee Jarwal aliyejiletea jembe lake bila kuombwa. Tuliifukua mifupa kule kwenye mashimo ya ngozi. Baba aliiosha kwa divai kama ilivyo desturi, kipande kwa kipande, akimweleza mama kila anachofanya: sasa nakuosha mkono, sasa nakulaza, usihofu. Akafunga sanduku. Mimi na yeye tukalibeba mpaka kanisani, Jarwal akibaki nyuma kwa adabu.

Leontio na kasisi walikuwa wamesimama kwenye lango la ua. Lilikuwa limefungwa.

"Ndugu yangu," Leontio akaanza, na safari hii alitazama viatu vya baba. "Kuna taabu kidogo. Watu wanasema."

"Wamekuwa wakisema siku zote," baba akajibu. "Fungua."

"Zamani yalikuwa maneno tu, kila mtu angeweza kuamini lake. Sasa iko kwenye hati ya kadhi, na muhuri juu: lango lilifunguliwa kwa mkono wa Zotiko. Jina lako pekee ndilo la mtu aliye hai. Wana wa marehemu hawawezi kukubali mkeo alazwe kati ya..." Hakumaliza.

"Uliapa," baba akasema.

"Niliapa kabla haijaandikwa."

Niliweka upande wangu wa sanduku chini na kumwendea. Nilimwambia aeleze watu kovu lake lilitoka wapi, kama ni vitani au ni dukani kwake kwenye sufuria ya nta. Nilimwita majina ambayo mwanamke hamwiti baba yake wa ubatizo. Kasisi alijifanya anasali. Leontio aliniacha mpaka nikakosa pumzi, kisha akasema, "Una uchungu, mwanangu," na nadhani alinihurumia kweli.

Baba hakugombana. Alisimama akiwa ameshika ncha yake ya sanduku, akilipapasa lango kwa macho yale mabovu, bawaba moja, ya pili, komeo, kwa mazoea ya kazi.

"Twende, Glikeria," akasema mwishoni.

Nilidhani tunarudi kwenye mashimo. Jarwal naye alidhani hivyo, alishaanza kutangulia na jembe. Baba akatikisa kichwa.

"Kule simrudishi. Nimeshamwambia anahama."

Tukampeleka nyumbani. Sanduku halikupata mahali pengine pa kutosha ila chini ya benchi la kazi, na hapo ndipo lilipo. Baba hufanya kazi ameketi upande, miguu yake ameitoa nje ya benchi, asije akampiga mama teke.