Kantengwa na Projekta ya Kashojwa

Kantengwa alikuwa mshonaji. Alifika makazi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2004 kutoka milima ya Kivu ya Kusini, cherehani yake ya mkono ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, na watu wa Kashojwa, kijiji kimoja cha makazi hayo, wakamjua kwa sketi za kwaya na mashati ya shule. Mambo ya umeme hayakuwa yake. Projekta ilimwangukia kwa sababu moja tu: ilipoletwa kanisani mwaka 2009, Pasta Ezira alitafuta mtu asiyepoteza vitu, na macho ya wazee wote yakamwelekea yeye.

Ilikuwa mashine ya mitumba, zawadi ya wageni waliopita. Kanisa lilikuwa pia na jenereta ndogo, deki, na sidii moja iliyopendwa kuliko zote. Ndani yake vijana wa kwaya walikuwa wakiimba siku ya kufungua kanisa kule milimani, mwaka 1996, miezi michache kabla vita havijawatawanya. Mgeni kutoka Bukavu ndiye aliyewarekodi kwa kamera yake. Kanda ilinakiliwa, nakala nayo ikanakiliwa, mpaka ikafika Nakivale imechakaa kama nguo iliyofuliwa mno.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, madirisha yalizibwa kwa magunia na watu wakatazama. Walichokiona kilikuwa watu wa kijani juu ya ukuta wa udongo uliopakwa rangi ya njano, wapana kichwani na wembamba miguuni, maana projekta ilikaa kwenye benchi la chini ikitazama juu. Sura zilikuwa madoa. Hata hivyo watu walilia, wakaimba pamoja nao.

Mbele kabisa aliketi bibi mmoja, Nyirabizimana. Yeye na mwanawe Gasore walipotezana njiani mwaka ule wa 1996, na kijana hakusikika tena. Katika kwaya ile, safu ya nyuma, alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe, na Nyirabizimana alisema ndiye. Hakuna aliyembishia. Kijana alipofungua mdomo, bibi naye aliufungua wake.

Siku moja watu wakitoka, alimshika Kantengwa mkono.

"Mwanangu, hii mashine haiwezi kunionyesha sura yake muzuri? Nataka nione meno yake tu. Gasore alikuwa na mwanya."

"Nitajaribu, Koko," Kantengwa akamjibu, akimwita kama mjukuu anavyomwita bibi yake.

Alianza na alichokijua, yaani kitambaa. Alitundika shuka mbili nyeupe ukutani. Picha ikawa hafifu zaidi, kwa kuwa mwanga ulipenya na kuishia kwenye udongo. Wiki iliyofuata aliifunga projekta ndani ya kitenge, akapanda lori la mahindi hadi Kabingo, na kutoka hapo akaunganisha safari mpaka mji wa Mbarara.

Karibu na soko alimpata fundi wa televisheni aliyeitwa Rugamba, ambaye pia alionyesha video kwenye harusi. Rugamba alifungua kifuniko cha ubavuni, akachomoa kichujio cha hewa. Vumbi lilikuwa limegandamana juu yake kama unga wa muhogo.

"Nyabo, hii mashine haina ugonjwa," alisema, akimwita mama kwa lugha ya huko. "Inakosa pumzi tu."

Alikisafisha kwa brashi, akafuta lenzi kwa kitambaa laini, kisha akaiwasha dukani. Kantengwa akamuuliza kuhusu ule ukijani.

"Iko imewekwa kwa chumba cha mwanga mwingi. Inasukuma kijani ndio ionekane kali. Nyinyi mnatazama ndani ya giza." Akabonyeza vitufe taratibu ili mgeni wake aone njia, akachagua rangi ya kutazamia filamu. Weupe ukawa weupe. Kantengwa alilielewa hilo mara moja. Yeye mwenyewe hakuchagua uzi kamwe kabla ya kuupeleka pale nguo itakapovaliwa, auone kwa mwanga wa pale.

"Na kupinda? Kuna mtu ameniambia kuna kitufe cha kunyoosha."

"Hiyo usiguse. Inakatakata picha ndio inyooke. Nyanyua mashine, iangalie kitambaa uso kwa uso. Picha yenu kubwa namna gani?"

Kantengwa alitembea hatua tano dukani kumwonyesha. Rugamba akatikisa kichwa. "Sidii hiyo iko na picha kidogo ndani. Mkiivuta hivyo, inaachana. Punguza nusu."

"Pasta atasema nimekata kanisa picha yake."

"Aseme. Wewe angalia sura za watu."

Aliporudi Kashojwa alishona kwa siku tatu. Alitafuta pamba nzito, pana, isiyohitaji mshono katikati. Nyuma yake akaweka kitambaa cheusi ili mwanga usipenye, na pembezoni akazungusha utepe mweusi wa upana wa vidole vinne. Juu na chini aliacha pindo la kupitishia fito, kitambaa kikae kimenyooka bila kunyanzi. Seremala alimtengenezea meza ndefu ya miguu minne. Kisha Kantengwa akachukua futi yake ya kushonea, akapima picha kimshazari, kutoka pembe hadi pembe, akaisogeza meza kidogo kidogo mpaka vipimo viwili vikalingana, kama apimavyo kitambaa cha meza.

Jumapili ilipofika, watu walinung'unika kabla hata ya jenereta kuwashwa.

"Kantengwa," Pasta Ezira akasema, "tuko na ukuta muzima, wewe unatupa kadirisha?"

"Pasta, tukae kwanza."

Picha ilipotokea, waliokaa nyuma walisogea mbele. Ngozi ilikuwa ngozi. Vifungo vya mashati vilionekana, na nyuma ya kwaya kuku alipita ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mwanamke mmoja alitaja jina la dada yake, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba dada amebisha hodi.

Nyirabizimana aliinama mbele. Kijana mrefu akafungua mdomo.

"Rudisha," bibi akasema. Kantengwa akairudisha. "Tena." Akairudisha tena. "Sasa simamisha."

Kijana alibaki pale, mdomo wazi. Meno yake yalikuwa yamebanana, hayana mwanya, na juu ya nyusi ya kulia palikuwa na kovu.

"Si Gasore," Nyirabizimana akasema. Akatazama kidogo zaidi. "Huyu ni mutoto wa Nehemiya, ule muzee anakaa Juru. Ng'ombe ndiye alimupiga pale. Nilikuwako."

Kantengwa alinyoosha kidole kuizima mashine.

"Acha iendelee," bibi akamwambia. "Wengine wanaona watu wao."

Jumanne Kantengwa alikwenda Juru, upande mwingine wa makazi, mwenyewe kumtafuta Nehemiya. Mzee huyo alijua tangu zamani kwamba mwanawe aliuawa vitani. Hakuwa na picha yake hata moja, na hakuwahi kufika Kashojwa kutazama, kwa sababu aliambiwa hakuna kinachoonekana. Alhamisi mchana walimwashia yeye peke yake. Alitazama akiwa amesimama, kofia mkononi. Wimbo ulipokwisha, aliuliza kama mtu anaweza kuitoa sura ile iwe karatasi. Kantengwa aliipeleka sidii Mbarara, na Rugamba akatafuta namna. Picha ilitoka na chembechembe, lakini kovu lilikuwepo.

Nyirabizimana hakuonekana kanisani wiki mbili, na Kantengwa hakwenda kumwona. Alibadilisha hata njia ya kwenda kuchota maji. Mwishowe bibi alikuja mwenyewe, akaketi kando ya cherehani.

"Unanikimbia kwa nini?"

"Nilikunyang'anya mutoto, Koko."

"Hukuninyang'anya. Wale wanaoandika watu waliopotea wanapita hapa kila mwaka, na mimi nawaambia wangu niko naye kanisani. Sasa simama, twende uniandikie jina la Gasore."

Kantengwa aliacha mkono wa shati ukiwa nusu, wakaenda. Alijaza fomu, jina la baba, jina la kijiji, na kwenye alama za mwili akaandika mwanya.

Kazi ya projekta iliongezeka. Makanisa mengine ya makazi yale yalimwita, kisha harusi za Isingiro na Masha, na wenye harusi wakazoea kuambiwa kwamba picha yao itakuwa ndogo kuliko walivyotaka. Mwaka 2012 taa ya mashine ilikufa, naye akaibadilisha kwa mikono yake.

Mwaka huohuo jibu la fomu lilikuja. Mtu mwenye jina la Gasore, mwenye mwanya, aliwahi kuandikwa kambini Tanzania mwaka 1999, kisha akaondoka bila kusema anakokwenda. Hapakuwa na zaidi. Kantengwa alimsomea bibi barua hiyo mlangoni pake.

"Alipenda kutembea tangu mutoto," Nyirabizimana akasema, akamwomba aisome tena, polepole, kuanzia juu.