Ng'ombe wa Injenia

Ng'ombe huyu mpaka leo amenilia dola mia moja na arobaini: mchungaji, chumvi, sindano za daktari wa mifugo, na nauli yangu ya pikipiki kutoka Keshero, mtaa wangu hapa Goma, kwenda kumwona. Nimehesabu mara mbili nikitumaini nimekosea. Sijakosea. Na ng'ombe mwenyewe si wangu.

Kazi yangu ilikuwa kununua. Mainjenia watatu walitoka Ulaya kwa kujitolea, wakatumia likizo yao kujenga tangi la maji ya mvua katika kijiji kimoja upande wa Rutshuru, mahali ambapo ukichimba unakuta jiwe la volkano tu. Walipoingia peke yao kwenye duka la simenti, walitajiwa bei, wakalipa, wakasema asante. Muuzaji mwenyewe aliona haya. Kesho yake wakanitafuta mimi.

Niwasifu: walibeba mawe pamoja na wanakijiji, wakalala darasani, wakala maharage bila kuulizia kitu kingine. Siku maji yalipotoka kwenye robine, mabinti waliozoea kushuka bondeni kuchota maji na mabidoni walikaa tu wakiyatazama, kama watu walioachishwa kazi.

Ndipo mama mmoja mjane, ambaye vita vilimwachia ng'ombe watatu tu, akaleta mtamba mweusi na kumsimamisha mbele ya kiongozi wao, kijana mrefu mwenye pua iliyoungua na jua.

"Mwambie nimemupa ng'ombe."

Nikamwambia kwa Kifaransa. Mkono wake ukaenda mfukoni moja kwa moja.

"Anauza ngapi?"

"Huo mkono uache humo humo," nikamwambia. "Ukitoa dola hapa, tutarudi Goma kwa miguu."

"Sasa nifanye nini?"

"Pokea. Sema asante, na useme kwa nguvu."

Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa nguvu, machozi yakimtoka. Mama akanigeukia: "Huyu muzungu mulimutoa wapi? Analia kama bibi arusi!" Watu wakacheka, naye akacheka bila kujua kwa nini. Mimi, mwanamke ambaye sijawahi kununua nyanya bila kupunguziwa, sikuthubutu hata kuwaza bei yake.

Kwetu anayepewa ng'ombe hurudi siku moja na pombe kushukuru, na ng'ombe akizaa ndama jike, ndama huyo huenda kwa aliyetoa. Kutoka hapo nyinyi ni ndugu. Nilimweleza haya ndani ya gari wakati wa kurudi, tukirushwa na mawe ya barabara. Aliitikia kwa kichwa sana, akaniachia ng'ombe nimtunze. Nafikiri alisikia nusu.

Maana alipofika kwao, mwaminifu kama alivyo, aliandika ripoti: mchanga, mawe, siku za kazi na ng'ombe mmoja, vyote mchango wa jamii kwa mradi. Wakubwa wa chama chao cha kujitolea wakafurahi, wakajibu kwamba mchango wa mradi utumike kwenye mradi. Ng'ombe auzwe, yanunuliwe mabomba ya maji ya zahanati ya kijiji.

Mabomba yanahitajika, sikatai. Lakini mwezi uliopita ng'ombe alizaa, na ndama ni jike. Yule mama mjane akanikuta sokoni.

"Mama, injeniere wetu anakuja lini? Ndama nimeshamutengenezea pa kulala."

"Barabara ni mbaya, mama," nikamjibu.

"Na alipokuja mara ya kwanza, ilikuwa muzuri?"

Nikamwandikia kijana yote, safari hii polepole. Akanipigia simu.

"Nimeharibu?"

"Bado."

Akasema atalipa bei ya ng'ombe kwa mshahara wake mwenyewe, chama kipate mabomba na ng'ombe abaki. Nikamtajia bei ya chini kabisa, na amekwisha kutuma. Likizo hana mpaka mwakani, na uwanja wetu wa ndege umefungwa. Lakini sasa ng'ombe aliyetolewa bure amelipiwa, na mama akisikia atasema tumemnunua yeye na udugu wake.

Wewe unayesoma, kama kwenu pia ng'ombe hutolewa hivi, nishauri. Ndama nimpeleke mimi na pombe kwa niaba yake, au mama aendelee kungoja mpaka kijana aje mwenyewe? Na ile pesa, mama aambiwe au asiambiwe?