Firigisi ya Paskalina

Mimi ni mtu wa haraka. Ukitaka tugombane, nisubirishe. Nashona sare za shule mjini Mbulu, ng'ambo ya barabara kutoka mgahawa wa Upesi Kuku, na kwa miaka miwili nimekula pale karibu kila mchana huku nikilalamika. Chipsi zikipoa, nasema. Foleni ikisimama, nasema. Na kwa kuwa waliweka sanduku la maoni mlangoni, nilikuwa naandika pia, na chini naweka jina langu kamili: Herman Sulle, fundi cherehani.

Nayataja haya mapema kwa sababu habari ya Paskalina inanihusu, na mwanzoni hainihusu kwa uzuri.

Paskalina ni mwanamke wa kijiji cha Daudi, mjane wa miaka arobaini na minne, mwenye binti mmoja, Glory, aliyeko kidato cha tatu. Amelima vitunguu saumu, ameuza mayai, ameimbisha kwaya ya kigango. Mgahawa ulipofunguliwa aliomba kazi ya kaunta akapata. Walimpa kofia nyekundu na fulana nyekundu, na chini ya fulana huvaa sweta mbili, maana aliyechagua fulana ile huko Arusha hajawahi kuamka Mbulu mwezi wa saba.

Kosa lake machoni pangu lilikuwa salamu. Mzee akifika kaunta, Paskalina humpa shikamoo, halafu huuliza mvua za kwao, mahindi, mgonjwa aliyelazwa, ng'ombe aliyezaa. Nyuma ya mzee nimesimama mimi, tumbo linanguruma. Basi nikaandika: "Mhudumu anasalimia mno, chipsi zinapoa." Wiki iliyofuata nikaandika tena. Jumla niliandika mara kumi na moja, sikujua kwamba kuna mtu anasoma.

Watu wengine hawakuandika chochote. Siku za Jumapili, baada ya misa, familia ziliingia zikaagiza Sinia la Familia, yaani kuku mzima juu ya mlima wa chipsi. Walikula kimya, wakasema asante sana, wakatoka, wasionekane tena. Huku kwetu mtu hasemi ubaya wa chakula alichopewa. Anashukuru, halafu anakuhama.

Ofisi kuu ya mgahawa, Arusha, ikaona masinia hayauziki, ikafungua sanduku kutafuta sababu, ikakuta karatasi za mtu mmoja tu. Paskalina akapewa barua. Huduma yake inafukuza wateja, ilisema, na msimamizi atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kujionea mwenyewe. Asiporidhika, kazi imekwisha.

Alikuja kwangu na sketi ya Glory. "Fundi, nishushie pindo," alisema. "Sketi mpya mwaka huu naona haitapatikana." Akaweka barua juu ya cherehani. Nikaisoma, nikakuta maneno yangu mwenyewe yamenukuliwa humo, chipsi na yote. Nilipata aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mama Glory," nikasema, "aliyeandika haya ni mimi."

"Najua," akajibu. "Mwandiko wako si ndio huu unaoniandikia vipimo?" Akacheka, akaniacha na sketi yake na aibu yangu.

Jumapili moja kabla ya msimamizi kuja, Mzee Akonaay wa Daudi alimleta mgeni mkubwa pale mgahawani. Alikuwa Mzee Qamara wa Basotu, baba wa binti aliyeolewa na mwana wa Akonaay. Mimi nilikuwa meza ya jirani. Sinia likaletwa. Akonaay akanawa, akaanza kugeuza vipande kwa ncha ya vidole. Paja. Kidari. Bawa. Akainua chipsi, akatazama chini yake. Akageuza tena toka mwanzo. Kisha akachukua paja akampa mgeni bila kumtazama usoni. Walikula kidogo, wakashukuru, wakaondoka.

Paskalina aliacha kaunta, akaja akasimama karibu nami, macho yamemtoka.

"Fundi, umeona ule mkono? Alikuwa anatafuta firigisi. Wote walikuwa wanatafuta firigisi!"

Niliduwaa. Mtu mzima mimi, nimekula kuku kwa wakwe zangu mara ngapi, na sikuona! Kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni yake, mwanamke haili, na anaipokea kutoka mkononi mwa mwenyeji. Isipokuwepo, maana yake kuna mtu jikoni ameila, na mwenyeji amevuliwa heshima mbele ya mgeni wake. Na kuku wa Upesi Kuku hutoka Arusha wakiwa wameganda kwa barafu, matumbo matupu. Jumapili baada ya Jumapili mgahawa ulikuwa unawaaibisha wazee wa watu, tena kwa pesa zao.

"Kwa nini hukulifikiria mapema?" nikamuuliza.

"Ningelifikiriaje? Haijawahi kuwa yangu."

Kisha akanisimulia. Akiwa na miaka minane, mama yake alimwachia sufuria jikoni, naye akaonja firigisi, akaonja tena, ikaisha. Sebuleni baba yake aligeuza vipande mbele ya katekista, hivyo hivyo, kwa ncha ya vidole. Akatoka nje kimya, akachinja kuku wa pili. Fimbo zilikuja baadaye, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa mwaka mzima baba alimsimulia kila mgeni habari ya binti mdokozi. Tangu siku ile Paskalina hakuigusa tena firigisi, hata alipokuwa na jiko lake mwenyewe.

Jumatatu akamwendea meneja. Kelvin ni kijana wa miaka thelathini hivi, hana roho mbaya. Kila asubuhi humwamkia Paskalina shikamoo, ndipo amfokee.

"Mama Glory, firigisi haimo kwenye menyu," alisema. Lakini alipoelezwa vizuri akachangamka kupita kiasi. "Basi tuweke sita! Kila mtu kwenye sinia apate yake!"

"Ukimpa kila mtu, meneja, hakuna uliyempa. Weka moja. Iwe kwenye kibakuli, ifunikwe, iwekwe mbele ya aliyeagiza. Yeye anajua atafanya nini."

Kelvin alijikuna kichwa. "Jumapili hiyo hiyo ya msimamizi?"

"Hiyo hiyo. Nyingine sina."

Paskalina akamwagiza Marieta, anayechinja kuku sokoni, amwekee firigisi ishirini. Alhamisi akapanda bodaboda hadi Daudi, kwa Mzee Akonaay. Akampa shikamoo, akamwambia kosa la Jumapili lilikuwa la jiko la mgahawa na si la nyumba yake, akamwomba arudi na mgeni wake. Mzee aliitikia marahaba. Zaidi ya hapo hakusema neno, na Paskalina akarudi hajui kama atakuja.

Jumapili ikafika. Msimamizi, mama mmoja nadhifu aitwaye Rogathe, alisimama pembeni ya kaunta akipima dakika kwa simu. Misa ikatoka, foleni ikafika mlangoni. Wa tatu nilikuwa mimi. Wa kwanza alikuwa Mzee Akonaay, na nyuma ya bega lake Mzee Qamara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Rogathe akatazama simu. Mimi, Herman, kwa mara ya kwanza maishani nikaomba Mungu mtu asikatishe salamu. Paskalina hakukatisha. Aliuliza mvua, akauliza mahindi, akauliza Basotu samaki wanapatikana? Ndipo akapokea oda.

Sinia likaenda mezani kwa jamaa zao, na kibakuli pembeni. Akonaay akafunua. Kisha akakiinua kwa mikono miwili, akamkabidhi Qamara. Meza nzima ikalipuka. Kina mama walipiga vigelegele, Qamara alicheka mpaka kofia ikaanguka. Wazee wa meza nyingine wakageuza shingo. "Sisi pia tunataka lile la kibakuli!" mmoja akapaza sauti, na hapo jikoni wakaacha kutembea, wakawa wanakimbia. Saa nane mchana hapakuwa na sinia wala firigisi iliyobaki. Barua ilichanwa siku hiyo hiyo, Rogathe mwenyewe akaichana, na leo kibakuli kimo kwenye menyu.

Lakini nimeshasema mimi ni mtu wa haraka. Nimeruka jambo.

Qamara hakuila firigisi yake. Aliishika, akamuuliza Akonaay kitu kwa sauti ya chini, na Akonaay akaelekeza kidevu kaunta. Basi yule mzee akainuka, akapita foleni yote, akasimama mbele ya Paskalina.

"Nimepewa, sasa ni yangu," alisema. "Nami nakupa wewe."

Bibi mmoja akaziba mdomo kwa mtandio. Paskalina alifuta mikono kwenye fulana, akapiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili. Nilidhani ataificha aile baadaye. Hapana. Aliila pale pale, amesimama, na kofia yake nyekundu, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Na firigisi si kitu cha kumeza upesi. Alitafuna taratibu, huku foleni yote ikimtazama.

Rogathe alitazama simu yake, akanigeukia mimi niliyekuwa mbele sasa. "Baba, samahani. Umesubiri dakika ngapi?"

"Mama," nikamwambia, "mwache amalize kula."