Donge la Chachu kutoka Alief

Mwaka 2018 profesa wangu alinipa mpaka Jumatatu nilete sampuli. Utafiti wangu ulihusu vijidudu vya chachu ya jadi ya Kichina, yaani donge la jana linaloumua unga wa leo. Madonge mawili niliyopata Dallas yalikuwa yametiwa hamira ya dukani. Nisipopata la asili, ningeanza mada mpya na kupoteza mwaka mzima. Sikuwa na wasiwasi. Mimi nikishasoma kitu, najiona nimezaliwa nacho.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, niliondoka kwangu Grand Prairie, jirani na Dallas. Njia ya Houston haina cha kusimulia: malori, ng'ombe, malori tena.

Saa nne na ushee nilikuwa Alief, kitongoji cha Houston, kwa mama mdogo, Mama Neema, nesi mzaliwa wa Moshi. Baada ya chai alinipeleka kwa jirani yake Bi Mei, Mchina apikaye mikate ya mvuke dukani kwake. Bi Mei hajawahi kutumia hamira. Kila siku hukata kipande cha kesho, kisha huutia unga uliobaki magadi ili kupunguza uchachu, akaupiga kofi na kutega sikio. Kwa mlio tu anajua kama magadi yametosha. Mama Neema alinusa, akasema ndiyo magadi hayohayo ya ndizi na nyama za kwao.

Nilikabidhiwa donge kwenye kopo. Ndani yake kuna hamira za porini za kila aina, na bakteria waletao uchachu, wameishi pamoja miaka mingi. Hamira ya dukani ikiingia, huwatawala wote.

Jioni Mama Neema aliniuliza lile donge ni la kazi gani. Nikamjibu ni unga tu. Sikuona haja ya kumchosha na habari za vijidudu.

Jumapili, baada ya ibada, nilianza kurudi. Njiani, mjini Huntsville, nilisimama kutia mafuta, nikakuta donge limefura hadi limeinua kifuniko. Nilifurahi kupita kiasi, nikampigia mama mdogo kumshukuru.

“Asubuhi niliona unga wako umelala,” akasema, “nika-add hamira kijiko kimoja. Si umeumuka vizuri?”

Nilikasirika, na kwa hasira hiyo nikamweleza yote: utafiti, profesa, Jumatatu.

“Mwanangu, mimi kila siku nachukua sample, na-label, natuma lab. Ungeniambia ni sample, nisingeigusa. Uliniambia ni unga, nikaufanya kama unga.”

Niliomba radhi, nikageuza gari.

Alief nilimkuta dukani kwa Bi Mei, bado kavaa kitenge cha kanisani. Bi Mei alikata donge jingine, akicheka. Mama Neema akalibandika karatasi yenye tarehe, saa na mahali, kisha akauliza bakteria wangu wanavumilia joto kiasi gani, maana gari langu lilikuwa tanuri. Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Akanipa kisanduku chake cha barafu.

Jumatatu profesa aliisoma ile karatasi mara mbili, akauliza nani aliyeikusanya sampuli kwa umakini ule. Nikamtajia jina kamili la mama mdogo. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote kwamba sampuli zangu ni unga tu.