Sabuni ya Kambare

Wananchi wote, kuanzia Kiriba hadi Musoma mjini, kuanzia Bunda hadi Butiama kwa wanywa maziwa, wanatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba upande huu wa ziwa hajapata kuzaliwa, na kwa hali ya uchumi hatarajiwi kuzaliwa, mtu anayemjua kambare kama Lukas wa Rusende. Wapo wanaomjua Mungu, wapo wanaomjua katibu wa chama. Lukas anamjua kambare. Waliokaa wasimame, na waliosimama wavue kofia.

Ungemwona mwenyewe, usingesimama. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, visigino vimepasuka kama tope la kiangazi, na alikuwa na kaptula moja ambayo mwaka ule wa themanini na tatu ilikuwa imeshonwa na kushonwa tena hadi uzi ukawa mwingi kuliko kitambaa. Lakini wavuvi wenzake walikwenda ziwani na ndoano na bahati, na Lukas alikwenda na nadharia.

Sangara, alisema Lukas, ni bosi. Bosi anakulaga kwa macho. Mpelekee kitu kinachong'aa na kinachokimbia, atakifuata hata kama hakina nyama ndani. Kwa msingi huo alichukua vijiko vya mke wake Dorkas, akavikata mipini, akavitoboa na kuvifunga ndoano. Kijiko kikivutwa majini kinayumbayumba kama furu, samaki mdogo wa ziwani, aliyejeruhiwa. Sangara wanne walikufa kwa kosa hilo, na nyumbani kwa Lukas watu sita wakawa wanakunywa uji kwa kijiko kimoja, kwa zamu.

Kambare, kwa upande wake, ni raia. Anakaa chini, kwenye matope, haoni mbali, anangoja kitakachomfikia, na kikifika anakipapasa kwa sharubu na kukinusa. Kwa hiyo kambare hapelekewi kinachong'aa. Anapelekewa kinachonuka. Lukas alikuwa amejaribu utumbo wa kuku, dagaa waliooza, na hata kipande cha soksi ya padri aliyeisahau ufukweni. Soksi ilifanya kazi vizuri sana, lakini mapadri hawapiti mara kwa mara.

Ndoano za dukani zilikuwa zimebaki kwenye kumbukumbu za wazee. Lukas alipinda za kwake kutoka kwenye spoku za baiskeli ya shemeji yake, hadi baiskeli ikakataa kupandwa na kukubali kusukumwa tu. Alikuwa nazo arobaini, zimening'inia kwenye kamba moja ndefu ambayo wavuvi wa huko wanaiita migonzo: unaitega jioni, unaivuta asubuhi.

Sasa, mwaka huo ndipo ulipotangazwa msako wa wahujumu uchumi. Mtu akikutwa na bidhaa zaidi ya zile ambazo serikali ilidhani anazihitaji, anapanda gari. Wenye maduka mjini wakashikwa na homa. Watu walisimulia kwamba huko Kamunyonge kisima kimoja kilipewa sukari ya kutosha chai ya parokia nzima, na waliokwenda kuteka maji siku hiyo hawakuuliza maswali. Wengine walitupa mali ziwani. Ndiyo sababu asubuhi moja Lukas alipovuta migonzo yake, ndoano ya kumi na tisa ilikuja na gunia la sandarusi lenye miche kumi na miwili ya sabuni.

Mtu mwingine angepiga magoti na kushukuru. Lukas alichutama na kukagua. Gunia lilikuwa limetoboka, na miche iliyo karibu na tundu ilikuwa imelambwa ncha zake, imekwanguliwa laini kana kwamba mtu ameipiga msasa. Kambare hana meno ya kutafuna. Mdomoni ana msasa. Lukas akakaa chini kabisa. Alikuwa amepata kitu kinachonuka kuliko soksi ya padri.

Dorkas alipewa mche mmoja, baada ya kelele. Miwili ilikatwa vipande na kwenda kwenye ndoano, na kwa wiki mbili kambare walikuja kama wanaitwa majina. Lakini Dorkas naye ni binadamu. Alifua shuka.

Ieleweke hali ilivyokuwa. Kijiji kizima kilikuwa kinafua kwa majani ya mpapai, na nguo zote, za mwalimu na za mchunga mbuzi, zilikuwa zimefikia rangi moja ambayo haina jina. Shuka jeupe juu ya ua lilikuwa ni kukiri kosa kwa maandishi. Petronila, mwenyekiti wa kina mama na mlinzi wa ufunguo wa duka la ushirika ambalo halikuwa na kitu cha kufungiwa, aliliona akiwa mbali. Hakusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwa Stanislausi, mwenyekiti wa kijiji, na kabla ya jua kuwa kali halmashauri nzima, watu tisa, ilikuwa uani kwa Lukas imelizunguka gunia.

"Ndugu Lukas," Stanislausi alianza, "sabuni hii umeitoa wapi?"

"Ziwani."

"Nani alikuuzia huko ziwani?"

"Hakuna mtu. Nimeivua."

"Umeivua. Kwa chambo gani?"

"Utumbo wa kuku."

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika. Mtuhumiwa anadai sabuni ilikula utumbo wa kuku."

"Na ulikuwa umeificha ya nini?" Petronila akauliza.

"Sijaificha, mama. Ni chambo. Kambare anapendaga sabuni."

Petronila akaligeukia gunia. "Mimi nina miezi minne naoga kwa majani ya mpapai kama kidonda. Na wewe uko hapa unaogesha kambare."

Miche tisa iliyobaki ikatangazwa kuwa kielelezo. Ili mwizi asije akakiiba chote kwa mkupuo, wajumbe tisa walijitolea, bila kulazimishwa na mtu, kila mmoja alale na mche mmoja. Barua ikapelekwa mjini. Siku tatu zilizofuata Lukas hakwenda ziwani. Alikaa mlangoni, akiangalia wajumbe wakipita. Siku ya kwanza shati la mwenyekiti lilikuwa na rangi ile isiyo na jina. Siku ya pili lilikuwa la kijivu. Siku ya tatu lilimuumiza macho.

"Baba Gati," Dorkas alimwambia mumewe, "kielelezo chako kinaoga."

Siku ya nne, saa nne asubuhi, Landrova ikafika. Akashuka afisa mmoja aitwaye Keraryo, mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni, mtu wa Butiama aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Kwao samaki alihesabiwa kuwa aina ya mdudu. Stanislausi alimpokea kwa hotuba na kumkabidhi nusu mche uliofungwa kwenye gazeti, kama sampuli ya kwenda maabara. Keraryo akaupokea kwa uso wa kimaabara na kuutia mfukoni.

Alimsikiliza Lukas hadi mwisho, jambo ambalo halmashauri haikuwa imefanya.

"Kwetu," alisema, "ng'ombe akila sabuni anakufa."

"Ndiyo, mzee. Lakini ng'ombe hakaagi kwenye matope na kupapasa chakula kwa sharubu."

Keraryo aliwaza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dizeli ya kwenda na kurudi tu, na orodha yenye nafasi tupu. "Basi tufanye hivi. Umkamate kambare kwa sabuni, mbele yangu. Ukimpata, wewe ni mvuvi. Saa tisa gari linaondoka. Ukiwa hujampata, unapanda."

Lukas alichungulia nyuma ya Landrova. Kulikuwa na tairi la akiba, kamba, na kiatu kimoja cha mwanamume. Mwenye kiatu hakuwemo. Akageuka kuliangalia ziwa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, maji yalikuwa meupe kama glasi, jua limeshakuwa kali. Saa kama hizo kambare amelala, na hakuna raia anayeamka kwa sababu afisa amefika.

"Nenda pale kwenye mawe ya kufulia," Dorkas alimnong'oneza. "Miaka yote tulikuwa tunafuliaga pale. Wa pale wamezoea povu. Wana hamu kama sisi."

Lukas alimtazama mke wake kwa heshima ambayo hajawahi kumpa hata sangara.

Wakaenda mawe ya kufulia, kijiji chote nyuma. Lukas akaomba kielelezo. Wajumbe tisa wakafungua leso, wakapekua mifuko, na kila mmoja akatoa alichokuwa nacho. Kilichotoka kwa Petronila kilikuwa chembamba kiasi kwamba Lukas aliona kidole chake mwenyewe upande wa pili.

"Imeyeyuka kwa joto," alisema Petronila, akinukia kama harusi.

Vipande vyote vilipokandwa pamoja vikatoa donge la ukubwa wa yai la njiwa. Lukas akaligawa mara mbili, akachagua ndoano ya spoku iliyo nene kuliko zote, akafunga nusu ya kwanza kwa uzi alioutoa kwenye pindo la kanga ya Dorkas, maana sabuni haikai kwenye ndoano bila kufungwa. Kisha akasimama na kuwageukia viongozi.

"Kambare anatakaga maji ya matope. Matope hayapo. Itabidi tuyatengeneze."

"Nani ayatengeneze?" aliuliza Stanislausi.

"Kila mwenye miguu, ndugu mwenyekiti."

Hivyo ndivyo halmashauri ya kijiji cha Rusende ilivyokunja suruali na kuingia ziwani kukanyaga. Walikanyaga kama watu wanaopondaponda udongo wa kujengea, Petronila amepandisha kanga hadi magotini, karani ameinua daftari juu ya kichwa, mwenyekiti akihimiza kwa sauti ya mkutano: kushoto, kulia, tusilegee. Wanawake walioketi kwenye mawe waliomba mmoja baada ya mwingine wasaidiwe kupumua. Tope likapanda, maji yakageuka chai ya maziwa, kisha chai ya rangi.

Nusu ya kwanza ikaliwa na gogogo mdogo, samaki mwenye miiba anayelia akitolewa majini, aliyekuja juu akilalamika na kurudishwa. Keraryo akauliza kama huyo anahesabika. Lukas, ambaye angeweza kusema uongo na kupona, akasema huyo si kambare, ni gogogo, na karani akaandika.

Nusu ya pili ikayeyuka. Kamba haikutikisika. Saa ya Keraryo ilisema saa nane na nusu, na dereva akaanza kukagua mafuta. Lukas alisimama na kamba tupu mkononi. Alikuwa amekisia kila kitu sawasawa, mahali, tope, ndoano, na sasa angefungwa kwa kukosa chambo katika ziwa lililojaa samaki. Akapiga hatua hadi kwa afisa.

"Mzee, naomba ile ya maabara."

Ilionekana maabara hiyo ilikuwa na mke na watoto. Alimtazama Lukas, akalitazama gari, akatazama nyuso zote zilizokuwa zikimtazama yeye. Mwishowe akatia mkono mfukoni, akatoa gazeti, akalifungua polepole kama mtu anayefungua kidonda, na kumpa.

Lukas alifunga nusu mche mzima, bila kuukata. Akautupa palipo na tope zito, karibu na jiwe kubwa, na kuchuchumaa.

Kamba ilisogea kidogo, kama mtu anayejaribu mlango. Lukas hakuivuta. Kambare anaonjaga kwanza. Ukivuta akiwa anaonja, unamkosa. Ikasogea tena, ikalegea, halafu ikaondoka kwa kasi iliyomtoa Lukas kwenye kuchuchumaa na kumlaza kifudifudi. Alishikilia. Aliburutwa ndani ya maji hadi kifuani, na kwa kuwa Keraryo alikuwa amesogea kuona vizuri, ndiye aliyekuwa njiani. Mtu wa Butiama akaidaka kamba kama mkia wa ndama mkorofi, akakita visigino, akavuta. Aliyekuja kumkamata Lukas akajikuta anamkamata kambare.

Walimtoa pamoja. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima tangu begani, kichwa bapa kama pasi, sharubu nane zikitikisika kwa hasira. Keraryo, akiwa amelowa hadi kwenye kalamu, aliamuru apasuliwe hapohapo. Lukas akampasua. Tumboni mkatoka nusu mche wa sabuni, safi, umeng'aa. Keraryo akaunusa, akamwonyesha Stanislausi, naye akaunusa. Petronila aliomba naye aunuse, akakataliwa.

"Mtuhumiwa hana kesi," alisema Keraryo. "Karani, futa."

Dorkas alikaa juu ya jiwe na kufunika uso kwa kanga.

Stanislausi hakuweza kuuacha ushindi huo upotee bila mwenyewe. Akapanda juu ya jiwe la kufulia, shati jeupe, miguu ya matope, akatangaza kwamba kijiji cha Rusende, chini ya uongozi imara, kimemlea bingwa wa kambare wa mkoa, mwanasayansi wa umma, hazina ya taifa, mtu aliyemsoma kambare kichwa hadi mkia. Watu wakapiga makofi. Keraryo akachukua kalamu iliyokuwa imelowa kidogo kuliko zingine, maana ripoti ilihitaji kukamilika.

"Kitu kimoja cha mwisho, bingwa," alisema. "Huyu aliyekula sabuni, ukimpika, ladha yake inakuwaje?"

"Sijui, mzee," alisema Lukas. "Mimi ni Msabato. Kambare hana magamba, sijawahi kumla."