Walioitwa Wavivu

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Umeme. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu alimaliza kupiga pasi shuka arobaini wenzake wakiwa bado wanahangaika na ya ishirini. Mikono haikutulia, na mdomo vilevile. Akiimba, ulimsikia hata mashine zote zikinguruma.

Alipofikisha miaka arobaini na mitatu, akaanza kubadilika, tena taratibu mno, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa. Alilala saa tisa nzima, akaamka amechoka kama mtu aliyebeba magunia. Wenzake wakifuta jasho kwa joto la pasi, yeye alivaa sweta na soksi. Akanenepa ingawa sahani yake ilikuwa ileile, na mara nyingi aliibakiza. Ngozi ikakauka, visigino vikapasuka. Choo kikawa shida. Kila akichana nywele, nyingi zilibaki kwenye kitana. Sauti nayo ikashuka, ikawa nzito yenye mikwaruzo, akaacha kuimba.

"Leo kuna mgao wa umeme," mwenzake mmoja alitania siku alipomwona amesimama na pasi mkononi, amesahau alichotaka kufanya. Wakacheka, naye akacheka. Kesho yake utani ukarudiwa, na keshokutwa. Mwishowe nyuma ya mgongo wake wakaacha utani, wakasema tu kwamba mama huyu amekuwa mvivu.

Msimamizi akamhamishia kwenye kukunja foronya, kazi ya waliokuwa wanajifunza.

"Si adhabu," alimwambia. "Ni mpaka utakapojiweka sawa."

Akajitahidi. Alikunywa chai ya rangi kali, akanunua dawa za kuongeza damu, akajigombeza mwenyewe njiani kila asubuhi. Haikusaidia. Na kilichomuuma zaidi ni lile neno, uvivu, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kulitumia.

Alilitumia kwa mama yake. Miaka ya mwisho, mama alishinda kwenye kiti karibu na dirisha, amejifunika blanketi mchana wa jua kali, uso umemvimba, maneno yakimtoka moja moja. Kila Jumapili Umeme alikwenda kumfagilia na kumpikia, na kila Jumapili alinung'unika.

"Mama, unajidekeza," alimwambia siku moja. "Uvivu tu huu. Wenzako wa umri wako wanatembea."

"Nataka kusimama, mwanangu," mama akajibu. "Mwili ndio haunisikii."

Mwaka uliofuata moyo wa mama ukasimama. Ndugu wakasema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na sita.

Asubuhi moja muuguzi wa kliniki alikuja kuchukua foronya. Umeme akamhesabia, akapotea katikati, akaanza upya. Muuguzi hakuwa akitazama foronya tena.

"Sauti yako imekuwa hivi siku zote?"

"Ni mafua tu, Sista."

"Mafua ya tangu lini?"

Umeme akafikiri kwa muda mrefu. "Karibu mwaka na nusu."

Muuguzi akaketi juu ya kapu la nguo. Akamuuliza habari za baridi, za uzito, za usingizi, za choo, na hata za hedhi, ambayo kweli ilikuwa imezidi.

"Sikupimi kwa macho, dada yangu. Dalili hizi zinaweza kuwa za mambo mengi," alisema. "Lakini kuna tezi hapa mbele ya shingo, inaitwa thairoidi. Ikipunguza kazi yake, mwili mzima unapungua kasi. Kipimo chake ni cha damu tu. Nenda leo."

Maabara ilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi makoti ya madaktari, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao kwa nini anachoka.

Majibu yalionyesha kwamba tezi ilikuwa imezorota sana. Daktari akamwandikia kidonge cha kumeza kila asubuhi kwa maji, kabla ya kula chochote, akamwambia arudi kupimwa tena baada ya wiki sita. Huenda angekitumia maisha yake yote.

"Kuna mwingine kwenye familia mwenye tatizo kama hili? Mama, dada?"

Umeme alitaka kusema hapana. Badala yake akajikuta anaeleza habari za kile kiti, blanketi, uso uliovimba. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mtu ambaye hakupimwa siwezi kumsemea," alisema kwa upole. "Inawezekana. Na inawezekana ilikuwa kitu kingine."

"Dawa hii ilikuwepo wakati ule?"

"Ilikuwepo."

Nguvu zilirudi kwa miezi, si kwa siku. Alirudi kwenye pasi, ingawa si kwa kasi ya zamani. Lakini akili ilipochangamka, majuto nayo yakachangamka. Alipokuwa mgonjwa hata huzuni ilikuwa nzito, ya mbali. Sasa alikuwa akilia waziwazi, shuka mkononi.

Jumapili moja akaenda kwa mdogo wake, mshona nguo, ambaye tangu mazishi ya mama alisalimiana naye tu kwa adabu. Akamsimulia yote.

"Kapime na wewe," alimwambia. "Haya mambo hutembea kwenye damu."

Mdogo wake akaacha kushona. "Kwa hiyo mama alikuwa anaumwa."

"Huenda. Hatutajua."

"Wewe ulikuwa unamgombeza, dada. Mimi nilikuwa siendi kabisa." Akaushika ukingo wa meza. "Nilisema nimechoka kumwangalia amekaa."

 Umeme akavuta kigoda, akaketi karibu naye, na jioni ikawakuta hapo. Juma lililofuata walikwenda maabara pamoja. Damu ya mdogo ilikuwa salama. Walipoambiwa hivyo walishukuru, kisha wakatoka, kila mmoja akimwaza mama, ambaye hakuna aliyempeleka kupimwa.